Wasifu wa Mzee Usingoje Matanga

Mtu akifa huku kwetu Uganda, hakosi wa kumsimulia. Kabla jeneza halijashushwa, mwana au mpwa husimama na karatasi mkononi: marehemu alizaliwa kijiji fulani, baba yake fulani wa ukoo fulani, akasoma kwa wamisionari, akaanza kazi reli, akahamia Jinja, akaoa, akazaa, akaugua. Sisi Waislamu hatucheleweshi maziko, kwa hiyo habari hizo hutoka kipande kipande kwenye matanga na siku ya dua. Lakini kote mambo hufanana. Usiku wa msiba watoto hupigiana simu wakiulizana mama alifika Kilembe mwaka gani, baba aliacha lini kazi ya kiwanda cha nguo, nani alikuwa rafiki yake wa kambini. Kufikia asubuhi karatasi imejaa.

Aliyeyahitaji maarifa hayo kuliko wote ni yule binti aliyemwogesha mzee miaka yake ya mwisho, mzee asiyemtambua tena mtu, anayekataa maji, anayetoka nje jua likizama akisema anakwenda kwao. Binti huyo alifanya kazi gizani. Hakujua mzee anaogopa nini, amezoea kuitwa nani, mikono yake ilijifunza kazi gani zamani. Waliojua walikuwepo, wengine nyumba ya pili tu, ila hakuna aliyewauliza mpaka mzee alipofungwa sanda.

Ninachodai hapa ni kwamba habari za maisha ya mzee ni kifaa cha kazi ya kumtunza, sawa na beseni na sabuni, na kwamba katika nchi yenye historia kama yetu kifaa hicho kinaweza kumtuliza mtu au kumtesa, kutegemea nani amekishika na amefundishwa nini.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Dimenshia ni jina la hali ya akili kudhoofika hatua kwa hatua kwa sababu ya maradhi ya ubongo, na la Alzheimer ndilo linaloongoza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na hali hiyo, zaidi ya asilimia 60 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Dawa ya kuiponya haipo. Huku kwetu wengi husema tu "uzee umemfika", wengine hutafuta jirani wa kumlaumu kwa uchawi, na kazi yote huangukia nyumbani: binti, mkwe, mjukuu aliyekosa karo, au msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini na kuoneshwa chumba cha mzee siku hiyo hiyo. Nyumba za kulelea wazee ni chache. Inayojulikana zaidi ni ile ya Nalukolongo, Kampala, iliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga na kutembelewa na Papa Fransisko Novemba 2015. Ninaposema "mhudumu" basi, nina maana ya mtawa na nesi wa nyumba kama hiyo, na pia msichana wa miaka 17 kule Walukuba au Bombo ambaye hana mwalimu wala zamu ya kupokewa.

Mhudumu huyo akiambiwa jambo moja tu kuhusu ubongo wa mzee wake, na aambiwe hili. Ugonjwa wa Alzheimer huanza mapema kushambulia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mzee anauliza swali lile lile mara sita kabla chai haijapoa. Lile jibu halikupata pa kukaa. Mambo ya zamani hudumu zaidi, hasa yale ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wake, kipindi ambacho hata mtu mzima wa afya hukikumbuka kuliko vingine. Mtu aliyezaliwa mwaka 1942 alikuwa na miaka 12 Malkia Elizabeth alipofungua bwawa la Owen Falls pale Jinja mwaka 1954, miaka 20 bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, miaka 27 Papa Paulo wa 6 alipokuja Kampala mwaka 1969, na miaka 30 John Akii-Bua alipotwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kule Munich mwaka 1972. Leo hii, ugonjwa ukimzidia, huko ndiko anakoishi. Anapoamka saa kumi alfajiri akitafuta viatu kwa kuwa king'ora cha kiwanda kimelia, si mkaidi wala hana mashetani. Anawahi zamu.

Mhudumu asiyejua habari hiyo ana jibu moja tu: kubishana. "Kiwanda kilifungwa, babu. Mkeo alishakufa. Lala." Mzee anaambiwa kifo cha mkewe kana kwamba ni habari mpya, analia kilio cha siku ya kwanza, na kesho anaambiwa tena. Anayejua ataweza kuuliza, "Leo mna zamu na nani?" Mazungumzo yakapatikana, kikombe cha uji kikanyweka, na usingizi ukarudi. Mwanasaikolojia Mwingereza Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford aliandika katika miaka ya 1980 na 1990 kwamba sehemu ya kinachomharibu mgonjwa wa dimenshia hutoka nje ya ubongo wake, kwa walio naye: kudanganywa, kuharakishwa, kusemwa kama hayupo, kufanywa mtoto. Ukikaa nusu siku katika nyumba yoyote yenye mgonjwa wa namna hii utaviona vyote vinne, tena vikifanywa na watu wanaompenda.

Turudi kwenye ile karatasi ya msibani. Hata ingeandikwa miaka kumi mapema, isingetosha. Wasifu wa marehemu huandikwa kwa ajili ya heshima ya familia. Una vyeo, mashule, idadi ya wajukuu. Mhudumu anahitaji mambo ambayo hakuna anayeyasoma kaburini. Mzee alikuwa anaoga asubuhi au jioni, ndani au uani? Alikula na mkono au na kijiko? Anakunywa chai ya maziwa au ya rangi, na sukari kiasi gani? Alilala na taa? Nani alimwita kwa jina lipi, na sauti gani ilimtuliza alipokuwa na hasira? Hayo ndiyo yanayoamua siku itakwendaje.

Chukua kuoga tu, maana hapo ndipo vita vingi hupiganwa. Mzee Mwislamu amesimamishwa chini ya bomba, maji yanamwagika kutoka juu, mtu asiyemjua anamvua shati. Atapiga kelele, na anayo haki. Sasa mkalishe kwenye kigoda, mfunike kikoi, weka birika la maji ya uvuguvugu mkononi mwake na umwambie wakati wa swala umekaribia. Mara nyingi mkono wenyewe utaanza: viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi kwenye viwiko. Mazoea ya mwili yamehifadhiwa sehemu nyingine za ubongo, zinazochelewa kuguswa na ugonjwa, na udhu uliotiwa mara tano kwa siku kwa miaka sabini hautoki upesi. Akimaliza miguu, mhudumu ana njia ya kuendelea na mwili uliobaki bila vita. Lakini ni lazima awe ameambiwa kwamba mzee huyu alikuwa mtu wa swala. Kwa mwingine, aliyekulia bweni la wamisionari, maji ya karai kabla ya kengele ndiyo yenye maana. Hakuna kanuni inayowafaa wote, na ndiyo sababu historia ya mtu mmoja mmoja inahitajika.

Au chukua jina. Kwa Watooro na Wanyoro kila mtu ana empaako yake, Amooti, Akiiki, Abwoli, Adyeeri na wenzake, jina la heshima na mapenzi ambalo mzazi humwitia mtoto na mtoto humwitia mzazi. UNESCO iliuweka utamaduni huo mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mama wa Fort Portal aliyeletwa na mwanawe kukaa Kampala anaitwa na nesi "mama Margaret" na hageuki. Mwite Abwoli, kama kweli ndiye Abwoli, na uone shingo inavyonyooka. Ukimwita Akiiki kwa kubahatisha umemwita mtu mwingine. Jambo hili halimgharimu mtu hata shilingi, ila linahitaji kuulizwa mapema, na kuandikwa mahali ambapo nesi wa usiku ataliona.

Niseme la kwetu. Shangazi yangu aliyeishi Jinja alianza kuficha sukari. Tuliikuta chini ya godoro, ndani ya soksi, nyuma ya Msahafu, imefungwa katika vipande vya karatasi. Msichana aliyekuwa akimtunza alidhani anaibiwa, kisha akadhani shangazi mwenyewe ndiye mwizi, na nyumba ikajaa maneno. Aliyetatua alikuwa jirani wa umri wake, aliyekuja kumjulia hali na kukumbusha kilichotokea mjini pale baada ya Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Maduka yalifungwa, viwanda vikadorora, na sukari, chumvi na sabuni vikawa vya kupangiwa foleni au kununuliwa kwa magendo. Shangazi alikuwa na watoto wadogo wakati huo. Alikuwa anawawekea akiba. Kuanzia siku hiyo akawekewa kopo lake dogo la sukari lenye kifuniko, mezani, likijazwa kila asubuhi mbele ya macho yake, na maficho yakapungua. Hayakuisha, na hakuna aliyetarajia yaishe. Kilichoisha ni ule ugomvi na ile shutuma ya wizi.

Hadithi kama hiyo ni nzuri kusimulia kwa sababu ina mwisho mwema. Lakini Uganda ya kizazi hicho haikuwa na foleni za sukari tu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaochukua mtindo wa ng'ambo wa albamu na kisanduku cha kumbukumbu na kuuleta kama ulivyo. Katika nyumba za wazee za Uingereza, mhudumu hufungua picha za ujana kwa kuamini kwamba ujana ni mahali pazuri pa kurudi. Kwa mzee wetu, ile miaka inayokumbukwa vizuri zaidi, au iliyofuata mara tu, ndiyo ya mapinduzi ya 1971, ya watu kuchukuliwa usiku, ya vita vya 1978 na 1979, na kwa wa Luwero, waliokuwa bado na nguvu zao, ya vita vya 1981 hadi 1986. Ukimfungulia mlango wa zamani, hujui ni nani atatoka.

Fikiria maneno mawili ambayo kila mhudumu huyatamka siku ya kliniki: panda gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari walikuwa wakizingira mtaa, wakiwakamata watu na kuwapakia kwenye malori kwa amri hiyo, na wengine hawakurudi. Operesheni zenyewe zikabaki na jina hilo mpaka leo. Kijana aliyezaliwa mwaka 2005 hana habari. Anafungua mlango wa teksi, anamshika bibi kiwiko, anasema kwa upole kabisa, "Panda gari, jaja, tunachelewa." Bibi anaganda, anashika nguzo ya mlango, anakojoa. Daktari ataandika kwamba mgonjwa ana fujo.

Kwa mtu anayeandika kwa Kiswahili, na anayekipenda, hili linauma kulikubali, lakini lazima lisemwe: kuna wazee wa Uganda ambao kwao sauti ya Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani. Waliisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki kabla ya kuisikia kwa mwalimu. Uamuzi wa serikali wa Julai 2022 wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi na somo la lazima shuleni ni mwema kwa wajukuu wao, na nimeushangilia, lakini haufiki kwenye kitanda cha mzee huyo. Na kuna wazee wengine, wala si wachache, ambao mambo yao ni kinyume kabisa. Mnubi wa Bombo, polisi mstaafu wa Naguru, fundi wa reli aliyelelewa katika nyumba za shirika Nsambya, mama mfanyabiashara wa Kisenyi: kwao Kiswahili ndicho cha ujana, cha kambi, cha mapenzi, cha sokoni. Wenye lugha nyingi wakipata dimenshia, wapo ambao lugha iliyojifunzwa baadaye hutangulia kupotea. Kiingereza cha ofisini kinakwenda, Luganda ya ukubwani inafuata, na mzee anabaki anaongea Kinubi au Kiswahili na msichana kutoka Masaka asiyeelewa hata neno la kuomba maji. Familia inadhani anapayuka. Anaongea vizuri sana, na hana wa kumsikia.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa historia ya mzee uwe na mambo manne kabla ya jambo lolote la sifa: aitwe nani, aongeleshwe lugha gani, nini humtuliza, nini kisitajwe wala kufanywa mbele yake. Hilo la nne ndilo huachwa, na kwetu ndilo la kuangaliwa kwanza. Anayemtunza hahitaji kujua kilichotokea. Inatosha aambiwe: usimkaribie kwa nyuma, usimulike tochi usoni, usifunge mlango kwa nje, akiona sare za jeshi kwenye runinga badilisha chaneli. Sababu ibaki kwa wanaoijua.

Hapo tumefika kwenye swali la nani mwenye habari hizo, na jibu langu ni kwamba ni mzee mwenyewe, hata pale asipoweza tena kulitamka jina lake. Kuna aliyekuwa askari wa Amin, akakimbilia Sudan au Zaire mwaka 1979, akarudi miaka mingi baadaye na kunyamaza. Kuna mama mwenye jambo ambalo hakumwambia hata mumewe. Kuna mwenye mtoto wa nje. Dimenshia hulegeza kufuli. Mzee anaanza kusema mambo usiku, na mhudumu au mjukuu mwenye simu anarekodi, na kesho yake yamo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Huo ni wizi, hata kama aliyefanya ana nia ya kuhifadhi kumbukumbu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kukusanya na kusambaza habari zake, na kuumwa kwake hakumwondolei ulinzi huo. Idhini ya kweli huombwa mapema, mwanzoni mwa usahaulifu, wakati bado anaweza kusema, "Hilo la vita liache." Akisema liache, liachwe, hata kama mwanawe mwandishi anaona ni historia ya taifa.

Jambo jingine ninaloliona likiharibu kazi hii ni ardhi. Ukikaa na mzee na daftari, ukamuuliza alifika lini pale kijijini na alipewa shamba na nani, watoto wote watatega masikio, na mahojiano ya kumtunza yatageuka kesi ya kibanja. Mmoja atasema dada yake ndiye anayemlisha mzee maneno. Ushauri wangu ni mkali kidogo: habari za mali zisiingie kabisa katika daftari la matunzo. Wanaotaka kuziandika waende kwa mwanasheria na mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC, na waende mapema, mzee akiwa na akili zake. Daftari la kando ya kitanda liwe la chai, maji, majina, nyimbo na hofu. Likiwa hivyo hakuna atakayetaka kuliiba.

Wapo watakaosema haya ni anasa. Nchi ambayo mgonjwa wa nyumbani hukosa hata nepi za watu wazima, wadi ambayo nesi mmoja anahudumia vitanda visivyohesabika, tunazungumza habari za birika na empaako? Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, nami sitadai kwamba ushahidi wa kitabibu ni mzito kuliko ulivyo. Mtandao wa watafiti wa afya wa Cochrane ulichambua mwaka 2018 tafiti 22 za tiba ya kuwakumbusha wagonjwa mambo yao ya zamani, ukaona manufaa yapo lakini mara nyingi ni madogo na hayafanani kutoka mahali pamoja hadi pengine. Anayetafuta kitu cha kurudisha kumbukumbu hatakipata humu.

Lakini angalia kinachofanyika mahali ambapo historia hiyo haipo. Mzee anayepiga kelele hupewa dawa ya kumlaza, na wengi wetu tumeona hivyo. Dawa za aina hiyo, zile zinazotumiwa kutibu saikosisi, yaani maradhi ya akili ya kuona au kuamini yasiyokuwepo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitolea onyo mwaka 2005 kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia. Zina nafasi yake, pale mtu anapojidhuru au kuwadhuru wengine na njia nyingine zimeshindikana. Hizo njia nyingine ndizo ninazozizungumzia. Kabla ya kumpa mzee kidonge kwa sababu anazungukazunguka jioni, ni haki aulizwe mtu: alikuwa mlinzi? Alikuwa akifunga zizi? Kama alikuwa mlinzi, mpe rungu lake na uzunguke ua pamoja naye mara mbili, kisha mwambie zamu imepokelewa. Nesi mwenye vitanda vingi ndiye anayehitaji zaidi kujua hilo, kwa kuwa mzee aliyetulia humwachia dakika za kuwahudumia waliobaki.

Na mfumo wa kuanzia tunao. Serikali ina orodha ya wazee. Mpango wa ruzuku ya wazee, unaojulikana kama SAGE, ulipoenezwa nchi nzima uliwalenga wenye miaka 80 na kuendelea kwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na kuna watu wanaokutana nao siku ya malipo. Kila kijiji kina wahudumu wa afya wa kujitolea, VHT, wanaoingia hadi jikoni. Wazee wengi waliozaliwa bila cheti hukadiriwa umri kwa kuulizwa walikuwa wakubwa kiasi gani kulipotokea jambo fulani, maana yake tumeshazoea kuwahoji habari za maisha yao kwa ajili ya karatasi za serikali. Ukurasa mmoja wa ziada, wenye yale mambo manne, ungejazwa na VHT pamoja na mzee na anayeishi naye, nakala ikabaki nyumbani. Vyuo vya unesi vifundishe kuusoma kama vinavyofundisha kusoma chati ya joto. Kwa familia isiyotaka kungoja serikali, kuna mjukuu aliyemaliza mtihani wa Senior Four na ana likizo ndefu mbele yake. Mpe daftari, mfundishe kutouliza maswali ya mtego, akae na mzee nusu saa asubuhi, wakati akili imetulia, siyo jioni. Akichoka mzee, aache. Na asisahihishe tarehe.

Daftari lenyewe lisichukuliwe kuwa limekamilika. Ugonjwa unasogea. Wimbo uliomfurahisha mwaka jana unaweza kumliza mwaka huu, picha ya ndugu inaweza kuwa picha ya mgeni, na itafika siku hata kuitwa jina hakutazaa kitu, bali joto la mkono na harufu ya mafuta aliyozoea kupaka nywele. Kila badiliko liandikwe na tarehe yake, lililopitwa likatwe mstari.

Wamebaki wale wasio na mtu wa kuulizwa: mzee aliyeokotwa kwenye kituo cha teksi, akapelekwa polisi, kisha kwa watawa au hospitali, bila kitambulisho wala jina la kijiji. Kwake historia huanza kukusanywa kwa kumtazama. Ni lugha gani inayomgeuza kichwa, Luganda, Kiswahili, Lugbara, Kinyarwanda? Anatulia kwa adhana au kwa kengele? Anaketi mkekani au anatafuta kiti? Akipewa kitambaa anafanya nini nacho? Wahudumu wa zamu zote waandike kwenye daftari moja, kila mmoja alichokiona kwa macho yake, bila kutunga. Mama anayekunja pembe za shuka namna wanavyofunzwa manesi huenda alikuwa nesi. Iandikwe hivyo hivyo, na "huenda" yake, apewe mashuka ya kukunja kila asubuhi, na lile "huenda" lisifutwe mpaka apatikane mtu anayemjua.